Nyumba Aliyoingia Mara Moja

Tarehe 6 Julai 2023, siku ya Alhamisi, asubuhi, nilifiwa na mke wangu katika hospitali ya hapa Bariadi. Siku mbili kabla alikuwa uani anageuza michembe juani. Mkono mmoja ulimkataa, akaketi chini, akanitazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu, na maneno nayo yakamkataa. Daktari alisema ni presha, imepasua mshipa kichwani. Hakurudi nyumbani. Naandika nyumbani kwa mazoea tu. Vilikuwa vyumba viwili vya kupanga, na mke wangu alikufa akiwa anasubiri nyumba.

Mimi ni mpishi wa shule ya sekondari ya bweni. Niliishia darasa la saba. Nimepika uji na ugali wa watoto wa watu tangu nikiwa kijana, na watoto wetu wawili wamesoma kwa kazi hiyo na kwa michembe ya mama yao. Watumishi wanaohamishiwa huku kutoka mikoa mingine huuliza michembe ni nini. Ni viazi vitamu vinavyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa mpaka vikauke kabisa, vikae ghalani hadi msimu mwingine. Vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe, tunaviita matobolwa. Yeye alitengeneza vyote viwili, na wateja wake wengine walitoka hadi Nyalikungu kumfuata sokoni.

Kazi hiyo inataka mahali pa kuanika, na mahali ndipo hatukuwa napo. Uani tulikuwa wapangaji wanne na mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba alifuga mbuzi. Asubuhi mbuzi wakifunguliwa, kitu cha kwanza walichokiona ni mkeka wa mke wangu. Alikuwa anakaa na fimbo mpaka jua linazama. Mara nyingi nikirudi kazini nilikuta wawili hao wanarushiana maneno, mmoja kibarazani na mwingine kwenye mkeka.

"Mayu, mbuzi wangu wameukuta uwanja huu kabla yako," mama mwenye nyumba anasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Na michembe yangu imewakuta mbuzi wana njaa. Walishe, watauacha mkeka wangu."

"Ukitaka uwanja usio na mbuzi, jenga kwako."

"Nitajenga. Utakuja kunisalimia, nitakukaribisha wewe, mbuzi utawaacha nje."

Walikuwa wanacheka wote wawili. Lakini usiku huo huo, akiwa anafunga magunia, aliniambia maneno ambayo hayakuwa ya kucheka. Alisema, "Nimechoka kuomba ruhusa ya jua."

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake gari la matangazo lilipita mtaani na kipaza sauti. Lilisema zinajengwa nyumba za bei nafuu nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Maswa, kwa watu wa kipato cha chini ambao hawajawahi kuwa na nyumba. Utaratibu wake ulikuwa ule wa mpangaji mnunuzi: unaingia, unalipa kila mwezi kama unavyolipa kodi, na miaka ikiisha nyumba inakuwa yako. Mimi nilikuwa nachambua maharage ya chakula cha jioni. Nilisema hizo ni nyumba za walimu na manesi.

"Gari limesema kipato cha chini," mke wangu akajibu. "Kuna cha chini kuliko chako?"

Jumapili ile tukitoka kanisani tulikwenda kuangalia. Nyumba zenyewe zilikuwa bado misingi, lakini moja walikuwa wameimaliza ili watu waione. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo cha ndani. Kijana wa mradi aliyevaa fulana yenye maandishi alikuwa anaingiza watu na kuwaeleza. Mke wangu alivua kandambili mlangoni.

"Mama, ingia na viatu tu," kijana akamwambia. "Hii ni nyumba ya mfano."

"Mfano wa nyumba za watu wanaovua viatu," akasema, akaingia.

Wengine waliuliza bei, waliuliza bati ni geji gani, waliuliza umeme. Yeye alipita sebuleni kama anapita njia, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akatoka. Nikamfuata. Alikuwa amesimama kwenye udongo mtupu, hakuna hata jani.

"Huku nyuma ni pa nani?" alimuuliza kijana.

"Ni pako, mama. Mpaka kwenye kile kigingi."

Akatembea mpaka kwenye kigingi, akageuka, akasimama ameitazama nyumba. Sijui alisimama muda gani. Kijana alirudi ndani kwa wateja wengine. Mimi nilibaki mlangoni. Aliangalia jua lilipo, akaangalia ukuta, akaangalia kivuli cha ukuta kinaishia wapi. Nilijua anapima mkeka.

Tangu siku hiyo njia yetu ya kutoka kanisani ikawa ndefu. Tulikuwa tunapita huko Jumapili nyingi kuangalia kuta zilivyopanda. Mlinzi alituzoea, akawa anamwita mke wangu mwenye nyumba. "Mwadila, mwenye nyumba," anamsalimia, na mke wangu anaitikia kwa sauti ya mtu mwenye nyumba kweli, anamuuliza kama mafundi wamemwagia maji zege. Uani kwetu wapangaji wenzetu walimtania kwamba anahamia Ulaya, atatupungia mkono kwa dirisha la vioo. Yeye aliwaambia watakaribishwa, lakini waje wameoga.

Maombi tuliandika kwa jina langu kwa sababu mshahara wangu ndio unaopita benki; fedha ya kutangulizia ilitoka kwenye michembe yake. Tulijaza pamoja mezani, mimi nimeshika kalamu, yeye anasoma. Penye swali kama mwombaji ana nyumba mahali popote, alicheka. Alisema, "Andika HAPANA kwa herufi kubwa, wasije wakasoma vibaya." Nikaandika hivyo. Ilikuwa kweli. Kwetu ni Mkula, wilaya ya Busega, lakini baba alipofariki mji ulibaki kwa kaka yangu mkubwa, na mimi nilikuwa nimeshatoka zamani kutafuta maisha. Nikienda Mkula nilikuwa nalala kwa kaka.

Mwezi wa tano wakabandika majina ya waliovuka hatua ya kwanza. Alikwenda kuangalia peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa jikoni. Aliporudi alichinja kuku. Mtoto wetu wa kiume alipouliza kuna mgeni gani, akamwambia, "Sisi ndio wageni. Tuko njiani." Baada ya hapo tulikuwa tunasubiri kuitwa kwenye usaili. Kabla ya kuitwa ikafika ile Julai.

Sasa lazima nieleze jambo la ukoo wetu, kwa sababu bila hilo msomaji hataelewa kilichotokea ofisini. Kwetu mwanamke aliyezaa hazikwi uani kwa mtu mwingine, hata awe shemeji yake. Anazikwa kwenye mji wake, mbele ya mlango wake. Jeneza linaingizwa kwanza ndani, linakaa, kisha linatolewa kwa mlango ule ule, ili aonekane ametoka kwake. Wapo wanaoyaona hayo ni mambo ya zamani. Mchungaji wetu hakuyapenda sana, lakini hakuyazuia. Mimi mwenyewe siku hizo sikuwa na uwezo wa kupenda wala kukataa kitu. Kaka alinipigia simu nikiwa bado hospitalini. Alisema, "Mlete shemeji yangu. Mji wake atakuta upo."

Kesho yake ilikuwa Sabasaba, maduka mengi ya vifaa yalifungwa. Kaka alikuwa na matofali ya tope aliyoyafyatua kwa ajili ya jiko lake jipya. Aliyatoa. Mdogo wetu anayekaa Kiloleli alileta bati zilizokuwa kwenye banda lake la pamba, na mlango waliutoa stoo kwa kaka, mlango mpana kuliko tundu lake, ikabidi waupunguze kwa msumeno. Wajomba na vijana wa jirani walijenga mchana kutwa. Kaka akanikatia eneo upande wa mashariki wa mji wa baba, akachomeka vipande vya minyaa kuzunguka, ili siku minyaa ikikua iwe ua. Tulipofika na gari la maiti Jumamosi, nyumba ilikuwa imesimama. Tope la kuta lilikuwa bado na rangi nyeusi ya maji.

Kaka alinikabidhi ufunguo mbele ya watu. Alisema, "Huu ni mji wa mdogo wangu na mkewe. Aliyekuja kuzika, azike hapa." Nikafungua. Wakamwingiza. Wanawake wakaingia kukaa naye, wakaimba. Ndani palikuwa na unyevunyevu na harufu ya udongo mbichi, na hapakuwa na kitu chochote zaidi ya yeye. Kisha wakamtoa kwa mlango ule ule.

Hiyo ndiyo nyumba pekee ambayo mke wangu aliwahi kuingia kama mwenyewe.

Nilirudi kazini baada ya matanga. Watoto wa shule walikuwa wananisalimia kwa sauti ndogo. Nyumbani nilikuta mama mwenye nyumba amekusanya michembe yote iliyokuwa imebaki juani siku ile, ameiweka kwenye gunia, amelifunga vizuri na kulisimamisha mlangoni kwangu. Mbuzi alikuwa amewafunga nyuma ya nyumba. Aliwafunga huko kwa muda mrefu, mpaka siku nilipomwambia awaachie tu.

Mwezi wa tisa simu ya mradi ikaita. Sauti ya mwanamke ilinitaka nifike Jumatano kwa usaili wa mwisho. Nilitaka kukataa. Nilimwambia binti yangu, ambaye ni fundi cherehani pale sokoni, kwamba mtu wa kuitaka nyumba ile ameondoka, na mimi chumba kinanitosha. Alikuwa anapiga pasi. Hakuinua kichwa.

"Baba, mama aliichagua," alisema. "Wewe ulikuwa unamsindikiza. Basi malizia kumsindikiza."

Nikaenda. Na nikiwa kwenye benchi la kusubiria, nataka nikiri kwamba nilianza kuitamani nyumba ile kuliko nilivyoitamani yeye akiwa hai. Nilijiona nafungua mlango wa nyuma asubuhi. Nilijiona natandika mkeka mpaka kwenye kigingi, hata kama sijui kukata michembe vizuri, yangu hutoka minene upande mmoja. Nilifikiri nikikaa pale kuna kitu chake kitakuwa kimetimia, na labda usiku nitalala. Nilipoitwa niliinuka haraka.

Ofisa alikuwa mama wa makamo, mgeni wa mkoa wetu. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani ya kusini, kinateleza. Aliangalia barua ya mwenyekiti wa mtaa, akaangalia karatasi za mshahara, akasema viko sawa. Kwa kuwa hali yangu ya ndoa ilikuwa imebadilika, ilibidi tujaze fomu upya. Penye hali ya ndoa kulikuwa na visanduku, yeye akaweka alama kwenye mgane. Hilo neno sikuwa nimewahi kuambiwa. Kisha akaendelea kuniuliza na kuandika, mpaka akafika penye swali lile.

"Unamiliki nyumba nyingine mahali popote?"

Alikuwa ameshaelekeza kalamu kwenye hapana.

"Ndiyo," nikasema.

Akainua uso. "Ile fomu ya kwanza unasema hapana."

"Ile siku sikuwa nayo. Nimeipata Julai."

"Umenunua?"

"Nimejengewa. Iko Mkula. Ni ya kumzikia mke wangu."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno machache zaidi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akavuta kiti karibu na meza.

"Baba, pole sana. Sasa nisikilize. Ina hati?"

"Haina."

"Ina choo? Ina maji? Kuna anayeishi humo?"

"Hakuna."

"Basi hiyo kwa mradi si nyumba. Mimi nakuelewa, ni jambo la mila. Tunaandika hapana, tunaendelea."

"Ina mlango, mama. Na ufunguo ninao mimi."

"Ufunguo hata wa kabati unao."

Watu wawili waliokuwa nyuma yangu walicheka. Na mimi nilitabasamu, kwa kuwa alisema kwa upole. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshauingia mfuko wa koti na kuugusa ule ufunguo. Yeye naye aliliona hilo. Aliniambia nikitia sahihi kwamba nina nyumba, jina langu linakwenda kwenye kamati, na kamati inasoma kanuni, haisomi mila. Nikitia sahihi kwamba sina, hakuna atakayekwenda Mkula kuangalia. Akaniambia nirudi wiki inayofuata, nizungumze kwanza na ndugu zangu.

Jumamosi nilikwenda Mkula. Kaka alikuwa zizini anamkagua ndama mwenye jicho bovu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za ng'ombe na za watoto, kisha nikamweleza shida yangu. Alicheka.

"Yaani serikali inakuonea wivu kibanda cha tope? Andika hapana. Hiyo ni karatasi tu, mdogo wangu. Au unataka nizing'oe bati zangu ndio uwe huna nyumba?"

"Bati ni za mdogo wetu wa Kiloleli."

"Basi na yeye aje ang'oe." Akamwachia ndama. "Sikiliza. Kama moyo wako unakataa kusema hapana, sema ni ya kwangu. Iko kwenye mji wa baba, mwenye mji ni mimi. Nitakuandikia, nitaweka na dole gumba. Nyumba ni ya kaka. Huko Bariadi huna kitu, unapewa nyumba ya vioo. Imekwisha."

Nilisema, "Ikiwa ni ya kwako, yeye amezikwa kwa nani?"

Ndama alikuwa amekwenda kwa mama yake, tukawa tunamwangalia ananyonya. Kaka alijifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Hilo sikulifikiria." Akaondoka kwenda kuangalia wanaochota maji, ingawa hakuna aliyemwita.

Nilikwenda kwenye nyumba. Minyaa mingine ilikuwa imeshika, mingine imekauka. Kuta zilikuwa zimepauka na kupata nyufa ndogo, kwa sababu zilijengwa kwa haraka na hazikupigwa lipu. Nilifungua mlango. Mwanga uliingia mpaka katikati, na sakafuni bado palionekana alama mbili pale mbao za chini ya jeneza zilipokandamiza udongo mbichi. Nilikaa kizingitini, nyumba mgongoni na kaburi mbele. Nilimwambia habari za usaili. Nilimwambia nyumba za upande wa Maswa zimeshapigwa rangi, ya njano hafifu, na kwamba mlinzi anamuulizia. Nilimwambia kuwa ninaitaka ile nyumba, na hilo lilikuwa kweli mpaka likaniuma kifuani. Nilijua yeye angesema nini kama ingekuwa ni kumdanganya mama mwenye nyumba kuhusu siku ya kodi. Angecheka na kusema danganya. Lakini hapa sikujua angesema nini. Nilisubiri kama mtu anayesubiri kweli. Nilichosikia ni watoto wa jirani wanafukuza ndege kwenye mtama ulioanikwa.

Nilipoinuka kufunga, nilijua siwezi. Sijui kulieleza hilo vizuri, sikusoma sana. Kama ningeandika hapana, hakuna ambaye angeumia, na mimi ningepata uwanja mpaka kwenye kigingi. Lakini mtu aliyeomba ruhusa ya jua maisha yake yote alipewa mlango mmoja, na mimi ndiye shahidi wake. Nikikana mimi, nani mwingine atasema ulikuwa wa kwake.

Jumatano nilirudi ofisini. Ofisa alinitambua, akatoa fomu.

"Umezungumza na ndugu?"

"Nimezungumza."

"Tunaandikaje?"

"Ndiyo, mama."

Alinitazama. Akaniuliza kama nina hakika, nikamjibu ninayo. Akaandika. Pembeni, penye nafasi ndogo ya maelezo, akaandika tena, maneno mengi kwa herufi ndogo, akasema amejaribu kuwaeleza kamati ilivyo. Alinionyesha nisome. Yalikuwa maneno mazuri kuliko ambayo mimi ningeweza kuandika. Nikatia sahihi.

Walichukua muda. Mvua za vuli zilianza. Usiku zikinyesha nilikuwa nafikiria kuta za Mkula zisizo na lipu, kisha nafikiria zile za upande wa Maswa zenye rangi, na nilikuwa naziogopea zote mbili. Binti yangu alikuwa ameshaniletea mapazia. Alikuwa ameyashona bila kuniambia, ya kitambaa cha maua, kwa vipimo alivyovichukua siku moja alipopita kule na futi yake ya cherehani. Nilimwambia hatujapewa bado. Alisema mapazia hayaozi.

Desemba simu ikaita nikiwa nakoroga uji. Alikuwa yule ofisa mwenyewe. Alisema kamati imekaa. Mwombaji mwenye nyumba nyingine hawezi kuingia kwenye mpango wa wasio na nyumba, kanuni haina nafasi ya maelezo. Walikuwa wamelisoma alilolieleza, mmoja wao alikuwa mtu wa huku huku na alisema anaifahamu mila hiyo, lakini hawakuweza. Nyumba niliyokuwa nimepangiwa amepewa aliyefuata. Fedha yetu ya kutangulizia itarudishwa, nifike kusaini.

Nilisema asante. Nikaendelea kukoroga, kwa sababu uji ukiuacha unashika chini. Baadaye nilikwenda stoo ya kuni nikakaa huko kidogo.

Binti yangu hakunilaumu. Aliuliza kama nimekula. Kisha aliyachukua mapazia, akayakunja, akasema kuna mteja wa Somanda ana madirisha ya ukubwa ule. Mwanangu wa kiume, ambaye yuko chuo, alinipigia akasema, "Baba, ungesema tu hapana." Nilimwambia najua. Kisha akasema, "Lakini mama angekucheka." Nikamwambia hilo nalo najua.

Jumatatu nilikwenda kusaini. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wao walikuwa wanakuja kuchukua funguo, wamevaa vizuri, wengine wamekuja na wazazi wao. Palikuwa na furaha kwenye ile veranda, na sikuichukia. Mwanamke mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni aliniuliza, "Na wewe baba umepata namba ngapi?" Nilimwambia mimi nimekuja kwa jambo jingine. Akaniambia yeye ni ile ya mwisho kabisa, karibu na shamba la mtama, anaogopa nyoka. Nilimwambia awe anafyeka nyuma mapema kabla ya masika.

Zamu yangu ilipofika ofisa alinipa karatasi, nikasoma, nikasaini penye alama. Alipiga mhuri. Alikuwa na watu wengi wa kuwahudumia na nilitaka kumpisha, lakini yeye alikuwa bado ameishika ile karatasi.

"Baba," alisema, "nimeandika habari zake zote zile, na sikuwahi kukuuliza. Mkeo alikuwa anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lake, la kwao, alilopewa na bibi yake, ambalo hata mimi nilikuwa sijalitamka kwa sauti tangu Julai. Akalirudia taratibu, kwa lafudhi ya pwani, akalikosea kidogo. Nikalisema tena. Akalirudia, safari hii likakaa sawa. Kisha akanipa karatasi yangu na kumwita aliyefuata.